Kisukuma Nyumbani, Kiswahili Shuleni: Kazi Inayofanyika Ubongoni

Mwambie mtu aliyezaliwa na Kiswahili, "Vitabu zangu zimepotea." Kabla hajafungua mdomo kukusahihisha, ubongo wake umeshaikataa sentensi. Akiwa amevaa kofia yenye elektrodi zinazopima umeme wa ubongo juu ya ngozi ya kichwa, utarajie kuona wimbi likipanda takriban milisekunde 600 baada ya neno lenye kosa. Watafiti huliita P600, na limeonekana katika lugha nyingi zilizopimwa. Sasa mwambie mtu huyohuyo, "Mama amekaanga sangara kwa mafuta na viatu." Sarufi imenyooka ila maana imeharibika, na hapa hujitokeza wimbi jingine la upande hasi, mapema zaidi, kwenye milisekunde 400 hivi. Hilo ni N400, lililoelezwa na Marta Kutas na Steven Hillyard mwaka 1980.

Mtu ambaye Kiswahili amekianza juzi akiwa mtu mzima hushtuka vizuri tu akisikia "viatu", pengine kwa kuchelewa kidogo. Lakini "vitabu zangu" inaweza kumpita bila wimbi lolote, au ikaamsha lile wimbi la maana badala ya lile la sarufi. Masikio yale yale yamesikia sentensi ile ile, na ubongo umeifanyia kazi tofauti. Tofauti hiyo ndiyo nitakayoieleza, maana ukijua inapotokea unajua pia pa kumsaidia mwanafunzi, mgonjwa, au wewe mwenyewe.

Mwanza panafaa kulitazama jambo hili kwa sababu hapa mtu wa lugha moja tu ni nadra. Mtoto wa Kwimba au Magu huanza na Kisukuma, hukutana na Kiswahili sawasawa akiingia darasa la kwanza, na akifika kidato cha kwanza masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza. Ukerewe huanza na Kikerewe au Kijita, kisiwani Ukara na Kikara, upande wa Sengerema wapo wa Kizinza. Mjini nako, mitaa ya Mabatini, Igoma au Buhongwa, wamejaa watoto ambao Kiswahili ndicho lugha ya kwanza na Kisukuma ni lugha ya bibi. Kwa hiyo nikisema lugha ya pili, kwa mmoja ni Kiswahili chenyewe, kwa mwingine Kiingereza, na kwa kijana wa mjini huenda ni Kisukuma.

Wengi huamini kwamba kila lugha ina chumba chake kichwani, na kwamba mtoto akiongezewa ya tatu vyumba vitabanana. Havipo. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wa marehemu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alikuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza sehemu nyingine, nyuma zaidi na juu ya sikio la kushoto, ambayo ikiumia mtu huongea kwa wepesi maneno yasiyo na maana, wala haelewi anachoambiwa. Maeneo hayo mawili, na nyuzi za neva zinazoyaunganisha, ndiyo uti wa mtandao wa lugha. Mtandao huo ni mmoja kwa Kisukuma, Kiswahili, Kiingereza, na hata lugha ya alama ya viziwi.

Mwaka 1997 kundi la watafiti wa Marekani liliwaingiza watu 12 wenye lugha mbili kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, likawaambia wajisimulie kimoyomoyo mambo ya jana, mara kwa lugha hii, mara kwa ile. Waliojifunza lugha zote mbili tangu utotoni walitumia sehemu ile ile ya eneo la Broca. Waliojifunza ya pili ukubwani walionyesha vituo viwili vilivyo karibu, vilivyotengana kwa milimita chache. Kwenye eneo la Wernicke hapakuwa na tofauti. Wengi walilipokea tokeo hilo kama uthibitisho wa vyumba. Mwaka uliofuata watafiti wa Italia wakaonyesha jambo ambalo naliona ni zito zaidi: mtu akiimudu lugha ya pili vizuri sana, hata kama alianza akiwa mkubwa, picha ya ubongo wake inakaribia mno ile ya lugha ya kwanza. Umri una uzito wake, lakini kiwango cha umilisi kina uzito mkubwa pia.

Kinachobaki kuzitofautisha lugha hizo mbili ni gharama. Lugha ya kwanza hujiendesha bila kusimamiwa. Ya pili, mpaka ikomae, huhitaji sehemu za mbele za ubongo zinazoshughulika na umakini, zile zile unazozitumia kufanya hesabu ya kichwa au kuvuka barabara penye magari mengi. Umakini una kikomo. Ukiumaliza kwenye kutambua maneno, haubaki wa kuelewa fizikia.

Gharama ya kwanza hulipwa sikioni, na hapa nitakaa kidogo.

Mtoto mchanga wa miezi sita ana uwezo wa kutofautisha sauti za lugha asizowahi kuzisikia. Patricia Kuhl na wenzake waliwapima watoto wa Marekani na wa Japani kwa sauti za "r" na "l". Kwenye miezi sita hadi minane walikuwa sawa. Kufikia miezi kumi hadi kumi na miwili, wa Marekani walikuwa wamepanda na wa Japani wameshuka, kwa kuwa Kijapani hakitenganishi sauti hizo. Ubongo huhesabu sauti zinazorudiwa mbele yake, hujijenga kuzitambua haraka, na zile zisizotumika huziweka kapu moja. Ni uamuzi wenye manufaa kwa lugha ya kwanza. Bei yake huonekana miaka ya mbele, lugha nyingine inapokuja.

Sasa lete hayo nyumbani. Kisukuma hakina sauti ya "r" inayopingana na "l". Mtoto aliyekulia Ngudu akaingia shule ya Kiswahili anakuta "kula" na "kura", "mahali" na "mahari", "kalamu" na "karamu", na mwalimu anamkemea kwa kuandika "lafiki". Kumkemea hakumsaidii, kwa sababu kosa haliko ulimini peke yake. Sikio lake limeziweka sauti mbili kapu moja, na mkono huandika kile sikio lilichopokea. Ndivyo ilivyo pia kwa "dh" kuwa "z" na "th" kuwa "s" kwa wasemaji wengi wa bara, ambao lugha zao za kwanza hazina sauti hizo.

Upande wa pili, Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili tano. Kijana wa Buhongwa aliyezaliwa na Kiswahili akienda kujifunza Kisukuma cha bibi yake atasikia irabu mbili kama moja, na atashangaa kwa nini wanamcheka. Kisha kuna toni. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kisukuma hupandisha na kushusha sauti kwa utaratibu unaowasisimua wanaisimu duniani: toni ya juu iliyo mali ya silabi moja husikika irabu mbili mbele yake. Mtoto anayekulia Kisukuma huimudu hesabu hiyo bila kufundishwa na mtu.

Alama za miaka hiyo ya mwanzo hazifutiki kirahisi. Mwaka 2014 watafiti wa Montreal waliwapima vijana waliozaliwa China, wakachukuliwa na familia za Kanada wakiwa bado wachanga, na tangu hapo hawakusikia Kichina tena. Hawakukumbuka neno hata moja. Lakini waliposikilizishwa toni za Kichina, ubongo wao ulifanya kazi upande wa kushoto, kwenye lugha, sawa na wale wanaozungumza Kichina kila siku, ilhali vijana waliokulia Kifaransa pekee walizishughulikia toni hizo upande wa kulia kama milio tu. Kwa hiyo mzazi aliyehama kutoka Misungwi kuja mjini asidhani miaka miwili ya Kisukuma aliyompa mwanawe imepotea bure.

Sikio la mtu mzima hufundishika, ila kwa utaratibu maalum. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwafundisha Wajapani watu wazima kutofautisha "r" na "l" kwa vipindi 15 vya kama dakika 40. Siri ilikuwa mambo mawili: sauti zilitoka kwa wasemaji kadhaa, wanaume kwa wanawake, na mwanafunzi aliambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Mafunzo ya mtindo huo yalipopimwa tena miezi mitatu baadaye, faida yake ilikuwa bado ipo. Mwalimu wa darasa la pili anaweza kulifanya hilo bila mashine yoyote. Achague jozi sita za maneno, awatumie watu wanne au watano tofauti wanaotamka vizuri, hata kwa kuwarekodi kwenye simu. Mtoto asikie neno moja, aonyeshe picha moja kati ya mbili, na aambiwe jibu hapo hapo. Dakika kumi kila siku zinatosha, na kutamka kuje baada ya kusikia. Inapoharibika ni pale mwalimu anapotumia sauti yake peke yake: mtoto anaizoea sauti ya mwalimu badala ya tofauti kati ya "l" na "r", na akikutana na mtu mwingine anarudi alikoanzia.

Jambo moja kwa wazazi wa mjini wanaowasha katuni za Kiingereza ili mtoto wa miezi tisa ashike lugha mapema. Kuhl alilijaribu hilo hasa. Watoto wa Marekani wa miezi tisa walipata vipindi 12 vya dakika 25 vya Kichina. Waliochezeshwa na mtu aliye hai walizitambua sauti za Kichina. Waliotazamishwa mtu yule yule, vitabu vile vile na midoli ile ile kwenye televisheni hawakuzitambua. Katika umri huo ubongo hufuata macho, uso na zamu ya mazungumzo. Kama nyumbani yupo shangazi anayesema Kikerewe, yeye ni mwalimu wa lugha kuliko televisheni ya bei yoyote.

Baada ya sauti huja maneno, na hapa habari ni njema. Mwaka 2004 kundi la Judith McLaughlin na Lee Osterhout lilichapisha vipimo vya wanafunzi wa chuo walioanza Kifaransa. Baada ya wastani wa saa 14 tu za darasani, ukiwauliza "hili ni neno la Kifaransa au la kubuni?" walijibu kwa kubahatisha. Lakini wimbi lao la N400 lilitofautisha. Ubongo ulikuwa umeshaanza kuyajua maneno kabla mwenyewe hajajua kwamba anayajua. Mwalimu anayemwona mwanafunzi wa kidato cha kwanza kimya wiki ya tatu asikimbilie kusema haingii kitu.

Sarufi huchelewa, na sababu yake imo kwenye aina za kumbukumbu. Maneno, kwa lugha yoyote, hukaa kwenye kumbukumbu ya maarifa, ile inayotunza pia majina ya watu na miji mikuu ya nchi, ikitegemea hipokampasi iliyo ndani ya ubongo pembeni. Sarufi ya lugha ya kwanza hukaa kwenye kumbukumbu ya ustadi, ile ya kuendesha baiskeli au kufunga nyavu, inayotegemea viini vya chini ya gamba la ubongo. Michael Ullman ndiye aliyeieleza nadharia hii kwa urefu, na mimi naona inaeleza vizuri yale walimu wanayoyaona kila siku. Anayeanza lugha ya pili huhifadhi hata sarufi kwenye maarifa: "vitabu vyangu" anaikariri nzima kama neno moja refu. Ndiyo maana kosa la upatanisho, kama lile la "vitabu zangu", humwamshia N400 badala ya P600. Kwa matumizi mengi, kazi inahamia taratibu kwenye ustadi, na hapo P600 huonekana.

Sheria ikielezwa ubaoni inaingia kwenye maarifa, lakini kinachoihamisha kwenda kwenye ustadi ni kuitumia mara nyingi, kwa maneno mbalimbali, kwa siku mbalimbali. Saa mbili za Jumamosi zikigawanywa kuwa dakika 20 kwa siku sita zinazaa zaidi. Ubora wa kutawanya marudio umejulikana tangu Hermann Ebbinghaus mwaka 1885. Na kila siku sehemu kubwa ya muda huo iwe ya kujiuliza na kujibu ukiwa umefunga daftari. Kusoma tena maelezo ukiwa umeyafunua kunakupa hisia ya kujua bila kukupa uwezo wa kulikumbuka neno unapolihitaji.

Kuhusu umri, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 kwa majibu ya watu wapatao 670,000 ulikadiria kwamba wepesi wa kushika sarufi hudumu hadi kwenye miaka 17 hivi ndipo unaporomoka, ingawa anayetaka kufikia usawa na mzawa inambidi aanze kabla ya miaka 10 hadi 12. Sauti hufunga mapema zaidi. Maneno hayana umri wa kufunga kabisa.

Gharama nyingine ni ya kuzuia. Lugha unayoijua vizuri haizimwi unapotumia nyingine. Viorica Marian na Michael Spivey walifuatilia macho ya watu wenye Kirusi na Kiingereza, wakaona wakiambiwa kwa Kirusi wachukue kitu fulani, walikitupia jicho pia kitu ambacho jina lake la Kiingereza linaanza kwa sauti zinazofanana. Lugha zote mbili ziko macho wakati wote, na ubongo lazima uibane moja. Kazi hiyo hufanywa na sehemu za mbele za ubongo zikishirikiana na kiini kiitwacho kaudati.

Mwaka 1999 Renata Meuter na Alan Allport walipima muda wa kubadili lugha. Watu walitaja tarakimu, na rangi ya skrini ndiyo iliyowaambia watumie lugha gani. Kurudi kwenye lugha yenye nguvu kulichukua muda mrefu zaidi kuliko kwenda kwenye dhaifu. Sababu inayotolewa ni kwamba ili useme lugha dhaifu unaibana sana ile yenye nguvu, na kuifungua tena kunadai muda. Basi mwalimu aliyefundisha kwa Kiingereza dakika arobaini, akiulizwa swali kwa Kiswahili mlangoni akasitasita, asishangae.

Hata hivyo, kubadili kwa kulazimishwa kunatofautiana na kubadili kwa hiari. Nenda mwaloni Kirumba asubuhi uwasikilize wauza dagaa. Bei inatajwa kwa Kiswahili, utani kwa Kisukuma, mteja wa Ukerewe anaitwa kwa Kijita, yote ndani ya pumzi moja. Watu wakiruhusiwa kuchagua lugha wenyewe, gharama ya kubadili hupungua sana, maana kila neno hutoka kwa lugha iliyolifikisha ulimini kwanza. David Green na Jubin Abutalebi walipendekeza mwaka 2013 kwamba mazingira ya namna tatu, lugha moja moja mahali pake, lugha mbili kwa watu tofauti, na kuchanganya kwa uhuru, huuzoesha ubongo udhibiti wa namna tofauti. Kwa hiyo kuchanganya lugha kwa mchuuzi wa mwaloni hakutokani na uhaba wa lugha. Ni njia nafuu kwa ubongo pale ambapo wote waliopo wanaelewa.

Darasani gharama hizi zote hukusanyika. Chukua darasa la sekondari lenye paa la bati bila dari, mvua ya Machi ikishuka ziwani. Mwalimu anasema kwa Kiingereza. Kelele inameza sauti nyingi za kila sentensi, hasa konsonanti. Kwa lugha ya kwanza ubongo huziba mapengo kwa kutabiri: ukisikia nusu ya neno unajua lililobaki. Kwa lugha ya pili utabiri huo ni dhaifu, na vipimo vya kusikia vimeonyesha kwamba walioanza lugha baada ya ujana huporomoka kwenye kelele mapema kuliko wazawa, hata wale ambao kwenye utulivu wanaelewa vizuri. Mvua ikianza, acha maelezo ya mdomo. Andika ubaoni, wape zoezi la kusoma na kujibu wawili wawili, na maelezo yasubiri. Mwanafunzi wa nyuma anayeonekana mvivu siku za mvua, msogeze mbele kwanza kabla ya kumhukumu.

Kitabu nacho kipime kwa penseli. Ili mtu asome na kuelewa bila msaada anahitaji kuyajua takriban maneno 98 kati ya kila 100. Ukurasa wa maneno 300 unaruhusu maneno mageni sita. Mpe mwanafunzi apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Akifikisha thelathini, umakini wake wote unaishia kwenye kubahatisha maneno, na hoja ya ukurasa haimfikii. Dawa ni kuchagua maneno nane au kumi yanayobeba somo, kuyafundisha siku moja kabla, na kuijenga dhana yenyewe kwa lugha anayoimudu. Mwalimu anayeeleza msukumo wa hewa kwa Kiswahili kwa dakika tano kisha akaingia kwenye istilahi za Kiingereza hajamwibia mwanafunzi Kiingereza. Amemwondolea mzigo mmoja kati ya miwili, na dhana haijifunzwi mara mbili.

Hesabu ina tabia yake. Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin walionyesha mwaka 2001, kwa watu wenye Kirusi na Kiingereza, kwamba majibu kamili ya hesabu hukaa katika lugha yalimofundishiwa, na kuyatafuta kwa lugha nyingine kunachelewesha. Makadirio, kwa mfano jibu liko karibu na 50 au 90, hayakufungwa na lugha. "Saba mara nane, hamsini na sita" imewekwa na sauti yake ya Kiswahili. Kidato cha kwanza akiulizwa kwa Kiingereza, mtoto hutafsiri swali, hupata jibu, kisha hulitafsiri jibu, na wakati huo mwalimu yuko hatua ya tatu ya mlinganyo. Wiki za mwanzo zitengewe dakika tano kila siku za jedwali la kuzidisha kwa Kiingereza, kwa sauti, maswali yakirushwa bila mpangilio, mpaka jibu litoke ndani ya sekunde mbili. Ukiwaacha wahesabu kwa kufuata mstari, wanaimba wimbo tu, na katikati ya mtihani watalazimika kuuimba tangu mwanzo.

Kuhusu madai kwamba lugha mbili humfanya mtoto awe na akili zaidi kwa jumla, ushahidi umegawanyika na sioni sababu ya kuwauzia wazazi. Lenye uzito zaidi ni la uzee. Huko Hyderabad, India, Suvarna Alladi na wenzake walichunguza wagonjwa 648 wenye maradhi ya kusahau ya uzeeni, wakakuta wenye lugha mbili au zaidi walianza kuugua wakiwa wamechelewa kwa takriban miaka minne na nusu, hata wasiowahi kukaa darasani. Wavuvi na wakulima wa kanda hii wenye lugha tatu wanafanana zaidi na wagonjwa hao kuliko na wanafunzi wa vyuo vya Ulaya.

Hisia nazo hupungua makali katika lugha ya pili. Watafiti waliwapima Waturuki waishio Marekani kwa jasho la vidole, ambalo huongezeka mtu akishtuka. Makaripio ya utotoni kwa Kituruki yaliwashtua kuliko maneno hayo hayo kwa Kiingereza. Lugha ya kwanza ilijifunzwa pamoja na mikono ya mama na hofu ya baba, na mwili unakumbuka. Kwa daktari na muuguzi jambo hili ni la kivitendo. Mama aliyeambiwa habari nzito kwa Kiswahili rasmi anaweza kuitikia "sawa" kwa utulivu wakati uzito haujamfikia. Mweleze, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake, kwa lugha anayoitumia nyumbani, nini kitafanyika na kwa nini.

Mwisho kuna kiharusi, ambacho huionyesha mipaka ya lugha ubongoni kwa uchungu kuliko mashine yoyote. Kwa mgonjwa wa lugha kadhaa, Théodule Ribot, mwanasaikolojia wa Ufaransa, alisema lugha ya utotoni ndiyo itakayosalimika. Mwaka 1895 daktari Albert Pitres akasema hapana, ni ile iliyokuwa ikitumika zaidi kabla ya ugonjwa. Wote wawili wana wagonjwa wa kuwatetea, ingawa mara nyingi lugha hupungua na kurudi kwa pamoja. Mzee anaweza kuondoka Sengerema akiongea Kiswahili kila siku sokoni, akaamka hospitalini na Kisukuma tu, na mtu asiyejua akaandika "amechanganyikiwa".

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, habari za lugha ni za baadaye. Hali ikitulia, mpime kila lugha peke yake, siku tofauti, na msemaji wa lugha hiyo akae naye bila kuchanganya. Anza na kuelewa: "fumba macho", "inua mkono wa kulia", kisha amri ya hatua mbili, bila kumwonyesha kwa ishara. Weka kijiko, kikombe na funguo mezani, ataje moja uonyeshe wewe, utaje moja aonyeshe yeye. Mpe maneno mafupi ayarudie, halafu sentensi. Salamu, sala, nyimbo na kuhesabu moja hadi kumi usivitie kwenye hesabu ya kupona. Hayo ni maneno yaliyozoeleka mno, hujitokea yenyewe hata pale lugha ya kuunda sentensi mpya imevunjika, na mzee anayeitikia vizuri "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, bado anaweza kushindwa kuomba maji. Andika kwenye faili lugha zote anazozijua, alijifunza ipi kwanza, alikuwa akitumia ipi zaidi mwaka uliopita na kwa nani, na matokeo ya kila lugha kwa tarehe. Atakayempokea kwenye mazoezi ya kuongea aanze na lugha iliyobaki na nguvu zaidi.